Kupe wa Mbwa wa Mama

Mama yangu hakuwa mtu wa kukosa misa. Hata Jumapili iliyofuata mazishi ya baba alikwenda, akakaa kwenye benchi lake la siku zote, akarudi nyumbani na kupika. Kwa hiyo jirani yetu, mama mmoja wa jumuiya yake, aliponipigia simu kusema hawamwoni kanisani, niliacha kazi mezani.

"Nimemfuata nyumbani nikamwuliza," jirani alisema. "Anasema ni miguu. Lakini miguu yenyewe naiona, inatembea vizuri tu pale uani. Njoo umwangalie mwenyewe."

Wakati huo nilikuwa Moshi mjini, nimepanga chumba cha kushonea nyuma ya soko. Nilikuwa na nguo za watu za sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, nikawaomba radhi, nikapanda gari la Kilema, kwetu mlimani, asubuhi iliyofuata. Niliposhuka nikafuata njia ya chini ya migomba hadi kwenye mfereji, nikauvuka, nikaanza kusikiliza. Mbwa wetu alikuwa na kawaida ya kuisikia miguu yangu nikiwa bado mbali, akaja mbio akibweka hadi kwenye masale yaliyopandwa mpakani. Siku ile sikusikia kitu. Niliingia uani kimya kimya kama mwizi.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko la nje, anamenya ndizi. Aliinua uso.

"Nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Aa, nilijua ni wewe."

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, jua limenipiga usoni. Nilisikia lile "nani" na likanipita. Nilidhani mawazo yake yalikuwa mbali.

Mbwa alikuwa ndani ya jiko, chini ya uchaga wa kuni. Baba ndiye aliyemleta pale nyumbani akiwa mdogo wa kubebwa kwenye koti. Hakuwahi kupewa jina. Baba alikuwa akimpigia mluzi, na mama alimwita "wewe", naye aliitika "wewe" hiyo kuliko mbwa wengi wanavyoitika majina yao. Alikuwa mbwa mkubwa, mwenye rangi ya mahindi yaliyokaangwa. Sasa mbavu zilionekana. Aligusa ardhi kwa mkia mara moja tu aliponiona, na kichwa hakukiinua.

"Ana mafua," mama alisema akiwa pale mlangoni. "Ameacha kula. Nimempikia hadi mtori wa nyama, hataki hata kuuramba."

Nilichuchumaa nikamshika kichwa. Alikuwa na joto kali. Nilipokunja sikio lake nitazame ndani, nikaliachia haraka. Kupe walikuwa wamejipanga hadi ngozi haionekani. Wengine wadogo, kahawia, bapa. Wengine wameshiba damu, wamevimba na kuwa rangi ya kijivu, ukubwa wa punje ya maharage. Niliangalia kati ya vidole vya miguu, wapo. Kwapani, wapo. Chini ya mkia. Kisha nikainua macho ukutani, ule ukuta wa udongo ambao baba aliukandika mwenyewe, nikawaona wengine wakipanda taratibu, usawa wa kifua changu, wakiingia kwenye nyufa.

Ili mtu aelewe nilivyoshtuka inabidi nimweleze mama yangu. Nyumba yake ilikuwa haina mdudu. Tulipokuwa watoto alitukagua vidole vya miguu kwa ajili ya funza kabla ya kutupa chakula, na kila Jumamosi alimkagua mbwa, yeyote tuliyekuwa naye wakati huo. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye maji ya sabuni, akimtoa kupe anamtumbukiza humo. Blanketi lililokutwa na kiroboto lilichemshwa siku hiyo hiyo. Wanawake wengine walimcheka, wakisema anamtunza mbwa kama mgeni kutoka Ulaya. Hakujali.

"Mama, hawa kupe ni wa lini?"

"Kupe gani? Mimi nawatoa kila siku. Kopo si hilo hapo?"

Kopo lilikuwa pembeni ya jiwe la jiko. Nililichukua nikalipeleka kwenye mwanga. Ndani, juu ya maji ya sabuni, kulikuwa na kupe wachache. Vingine vyote vilivyoelea havikuwa kupe: mbegu za nyasi, vipande vya gamba la kidonda, ganda la buni. Nilirudi kwa mbwa nikamgeuza taratibu nione tumbo lake. Mbwa dume naye ana vititi, vidogo tu, unaweza usivione mwaka mzima. Vya huyu vilikuwa vimevimba na kuchunika. Mtu alikuwa akivivuta kwa kucha, siku baada ya siku, akidhani ni kupe.

Nilikaa pale nimeshika kopo. Mama aliendelea kumenya ndizi, na sasa niliona kwamba hakuziangalia hata kidogo. Kidole gumba kilitangulia, kisu kikafuata. Nikasimama, nikaenda mbele yake bila kusema, nikainua mkono wangu karibu na uso wake.

"Ondoa mkono," alisema. "Kivuli nakiona."

Sikujua nifanye nini na mkono ule. Nilikaa chini, kwenye vumbi, karibu na miguu yake.

"Tangu lini, mama?"

"Hili la kushoto lilianza baba yako akiwa hai. Nilidhani ni uzee. La pili likafuata. Siyo giza moja kwa moja. Limekuja kutoka pembeni, likaja, likaja, nikabaki na kama tundu. Sasa hata tundu lenyewe limeziba."

"Na kanisani ulikuwa unakwendaje?"

Aliinua kidevu kuelekea jikoni. "Na huyo."

Akanieleza. Alikuwa akimfunga mbwa kamba shingoni na kuishika fupi. Njia ya kanisani mbwa aliijua, kwa kuwa amemfuata baba na mama huko miaka yote. Akifika kwenye mfereji alisimama, na mama alijua ni hapo pa kuinua mguu. Gari likipita alimsukuma kwa ubavu hadi pembeni. Waliomwuliza mbona mbwa amefungwa, aliwajibu kwamba amekuwa na tabia mbaya ya kufukuza kuku za watu. Ndani ya kanisa benchi alilihesabu kwa mkono. Watu alikuwa akiwatambua kwa sauti, na wale wasiosalimia wakamwona ana maringo siku hizi.

Mbwa alipougua, mama akakosa miguu. Kwa maana hiyo hakudanganya.

Nilipiga simu duka la dawa za mifugo kule barabarani, wakanipa namba ya daktari. Alifika mchana kwa pikipiki, dada mmoja kijana aliyevaa buti za mvua, na begi mgongoni. Alimsalimia mama kwanza, shikamoo kwa mikono yote miwili, ndipo akaingia jikoni. Alimpima mbwa joto. Alimfunua mdomo akanionyesha fizi, zilikuwa nyeupe kama karatasi. Akamminya chini ya taya na nyuma ya magoti, mahali penye tezi, mbwa akaguna. Akauliza mkojo una rangi gani.

"Sijui," nilisema.

"Wa chai ya rangi," mama alijibu kutoka mlangoni. "Hivyo ndivyo unavyonuka. Mkojo wenye damu naijua harufu yake, nimefuga ng'ombe."

Daktari alitikisa kichwa polepole. "Ni homa ya kupe. Bila kupima damu siwezi kuapa, lakini dalili ziko hapa zote. Kupe anapomnyonya anamwachia ugonjwa kwenye damu. Nitamchoma sindano, halafu kuna vidonge, vya wiki kadhaa, msikatishe hata akionekana amepona."

"Atapona?" mama aliuliza.

"Mama, sitakudanganya. Amechelewa."

"Amechelewa kwa sababu yangu."

Daktari alinitazama mimi, kama mtu anayeuliza amekosea wapi. Mama akaweka kisu chini.

"Sioni, daktari," alisema. "Nilikuwa nampapasa. Sioni."

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa mtu mwingine. Hata mimi hakuwa ameniambia hivyo, aliniambia habari za kivuli na tundu. Daktari hakusema pole. Alivuta kigoda kingine, akakaa karibu naye, akamwuliza, "Mikono yako ina nguvu?"

"Inayo."

"Basi njoo unishikie kichwa chake. Anakuamini wewe. Mimi akiniuma nitakosa kazi."

Ndivyo tulivyokaa mchana ule, mama amekipakata kichwa cha mbwa, mimi na daktari tukitoa kupe. Mimi nilikuwa nimechukua kibatari nimwage mafuta ya taa kwenye sikio, kama nilivyoona watu wakifanya, daktari akanishika mkono. Alisema ukimchoma kupe kwa moto au ukimmwagia mafuta anatapika kilichomo tumboni mwake, na anatapikia kwenye damu ya mnyama. Alinipa kibano. Unamshika karibu kabisa na ngozi, pale penye mdomo, unavuta moja kwa moja bila kumzungusha na bila kumpasua, kisha unamtia kwenye spiriti. Na usitumie kucha, alisema, ugonjwa wake unaweza kukuingia na wewe kwenye mchubuko. Mama aliificha mikono yake chini ya khanga aliposikia hivyo. Kisha akaitoa tena, kwa kuwa mbwa alikuwa ameanza kutetemeka.

Jirani alikuja na chupa. Alikuwa na roho nzuri, alitaka kusaidia. Ilikuwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, imebaki kwake, akasema tumwogeshe mbwa na yule paka wa mama pia, maana naye anajikuna kutwa. Daktari aliisoma ile chupa akaiweka juu ya uchaga.

"Mbwa mgonjwa hivi hatumwogeshi kitu leo. Na paka, mama, tafadhali, hii usimguse nayo kabisa. Dawa nyingi ambazo ng'ombe na mbwa wanazivumilia, paka zinamuua. Anajilamba, anaanza kutetemeka, anakufa mkononi mwako."

Akamkamata paka, akamchana manyoya juu ya karatasi nyeupe aliyoilowesha maji. Chembe nyeusi zilidondoka kama pilipili manga. Tulizitazama zikigeuka kuwa nyekundu kama kutu.

"Hicho ni kinyesi cha viroboto. Ni damu ya paka. Anayelala na huyu paka ni nani?"

Mama alijikuna mguu mmoja kwa kisigino cha mwingine. Niliinua upindo wa gauni lake hadi kwenye magoti. Miguu ilikuwa imejaa vipele, vingine amevikuna hadi vikawa vidonda. Jirani alishika mdomo. Mama alivuta gauni likarudi chini, akasema ni baridi ya mlimani, na hakuna aliyembishia.

Niliomba ruhusa kwa wateja wangu nikabaki. Kazi iliyofuata ilikuwa ya nyumba kuliko ya mbwa, kwa kuwa daktari alitwambia kupe wa mbwa anakaa kwenye nyufa muda mrefu kuliko anavyokaa mwilini. Anakula, anashuka, anataga huko ukutani. Kiroboto naye mayai yake yako sakafuni na kwenye matandiko. Ukimtibu mnyama ukaiacha nyumba, umefanya nusu ya kazi. Tulitoa kuni zote nje. Magunia ya mbwa tuliyachoma. Mablanketi ya mama tuliyachemsha kwenye sufuria kubwa ya kupikia misibani aliyotuazima jirani, tukayaanika juani hadi yakakakamaa. Tulifagia hadi chini ya uvungu na taka tukazichoma palepale. Tulipuliza dawa ukutani, tukawatoa wanyama na mama wakakaa nje hadi ikakauka. Kisha tukakandika zile nyufa kwa udongo na majivu.

Kukandika alifanya mama. Nilikuwa nimeanza mimi, akaniambia nisogee. Alipitisha kiganja ukutani kuanzia chini, kila mahali kilipozama akasimama na kujaza. Nilimshikia ndoo. Saa nzima nilisikia kiganja chake kikisugua ukuta, na mara chache pumzi ya mbwa.

Hata majani ya ng'ombe wa mama, aliyefungwa zizini nyuma ya nyumba, tulibadilisha namna ya kuyapokea. Kiangazi hununuliwa kutoka tambarare, yanaletwa na gari, na kupe wengine huja humo humo. Mama alikuwa akiyarundika pale pale nje ya jiko. Sasa yakawa yanamwagwa mbali, juani, yanageuzwa kabla ya kupelekwa zizini, na mbwa hafiki pale.

Mbwa akiwa bado kwenye vidonge, nilimshusha mama Moshi kwa daktari wa macho. Alikataa mara mbili, kisha akakubali kwa sharti kwamba jirani aje kumpa mbwa dawa na chakula. Tulipokaa kwenye foleni alikuwa ameshika mkono wangu na amekaa wima kama yuko studio ya picha. Daktari alimpima kwa mashine, akamwangalia muda mrefu, akatueleza kwa upole. Ni presha ya macho. Mishipa iliyokufa haifufuki. Angempa matone ya kulinda kile kivuli kilichobaki, na yatiwe kila siku, maisha yote.

"Kama ningekuja mapema?" mama aliuliza.

"Tungeokoa sehemu kubwa, mama."

"Asante kwa kunieleza," alisema.

Tulitoka. Nje kulikuwa na kelele za watu na magari, akasimama akageuza uso huku na huku, akitafuta upande. Ndipo nilipolia. Yeye hakulia. Aliniuliza kama nimekumbuka kununua sabuni ya kipande.

Jioni hiyo, tukiwa chumbani kwangu, nilimwambia ahamie mjini. Nilikuwa nimeshapanga pa kuweka kitanda chake. Nilimweleza kwamba hospitali iko karibu, maji yako ndani, na mimi nitakuwa nikimwona kila saa.

"Ndiyo sababu sikusema," alinijibu.

"Sababu gani?"

"Hiyo. Kitanda. Nilijua siku nitakayosema sioni, mtanishusha. Nitakaa kwenye chumba hiki nikisikiliza redio na cherehani. Kule mimi ni mtu. Najua mgomba upi uko wapi. Najua baba yako amelala wapi, nikitoka asubuhi nampita nikamsalimia. Hapa hata choo nitasindikizwa." Alipapasa ukingo wa kitanda changu. "Nilikuwa naogopa kuliko unavyodhani. Kila siku nikiamka nilikuwa naangalia kama dirisha bado lipo."

Nilizima taa. Usingizi haukuja haraka kwa yeyote kati yetu, nilisikia akijigeuza.

Mbwa alipona, lakini siyo kupona kwa kurudi alivyokuwa. Alianza kwa kunywa maji, kisha uji, kisha akasimama. Fizi zilipata rangi. Ila nguvu za kukimbia hazikurudi tena, na baadaye alitokwa damu puani, daktari akaja akamchoma tena sindano. Alitueleza kwamba ugonjwa huu unaweza kujificha ndani ya mwili na kuibuka mnyama akichoka. Alimpa kidonge cha kuzuia kupe, kinachorudiwa kila baada ya muda, na paka akawekewa tone lake nyuma ya shingo, pale ulimi usipofika. Viroboto walichelewa kuisha. Walipungua, wakarudi mayai yalipoanguliwa, tukapuliza na kuchemsha tena, wakaisha.

Mimi nilihamisha cherehani kwenda Kilema. Sikufanya hivyo kwa furaha, sitaki kujipamba. Mjini nilikuwa na wateja na nilikuwa na maisha yangu. Niliandaa chumba cha mbele, kile kilichokuwa cha kuhifadhia kahawa, nikaanza kushona sare za shule na viraka vya watu wa kijijini. Nashuka Moshi kununua vitambaa na kurudi. Mama hutia matone yake mwenyewe. Anakataa nimguse macho. Asubuhi hutoka na kupita makaburini, mkono mmoja kwenye migomba, kisha hurudi kuota jua. Watu wote wa jumuiya wanajua sasa, aliwaambia mwenyewe baada ya sala, kwa sentensi moja, akaomba wanaompita wamsalimie kwa sauti.

Mbwa hulala chini ya meza yangu, juu ya mabaki ya vitambaa ambayo huyafua kwa maji ya moto. Amezeeka. Juzi daktari alipokuja kumpa kidonge chake alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akamminya tumbo, akamwuliza mama kama anakunywa maji mengi kuliko zamani.

"Mengi sana," mama alisema. "Nasikia anavyoramba."

"Figo zimechoka, mama. Hatuna cha kufanya zaidi ya kumtunza."

Mama alimpapasa mbwa mgongoni kutoka shingoni hadi mkiani, akarudia. Daktari alipokuwa akifunga begi lake, mama aligeuka upande wangu.

"Akienda," alisema, "usiniletee mwingine haraka. Subiri nikuambie."

Nikamwambia nimesikia. Nikakanyaga cherehani, maana sketi ya mtoto wa watu ilikuwa inahitajika Jumatatu.